Mwenye Upanga na Mwenye Msamaha: Kumhukumu Loghain Mac Tir

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya vijana wachezaji wa gemu na wazazi wao

Assalaam aleikum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo nyote. Wazee wetu mlioitika mwito, akina mama, na nyinyi vijana ambao ndio wenye shughuli hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu jioni ya leo, hapa Mji wa Kale, mwendo mfupi tu kutoka Ngome ya Yesu. Nimekuja kuzungumza juu ya mtu mmoja, na mtu huyo hakupata kuishi duniani, kwa kuwa ni mhusika wa gemu. Hata hivyo nimemfikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyowafikiria watu wengi wenye miili na damu, na ninaomba mnisikilize kwa subira.

Wengi wenu mnanijua kwa kazi niliyostaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani mahakamani, nikisimama baina ya hakimu na mshtakiwa, nikiyapokea maneno kwa Kigiriama au Kiduruma na kuyatoa kwa Kiswahili au Kiingereza, kisha nikiyarudisha yalikotoka. Mkalimani haamui lolote, lakini maneno yote ya kesi hupita kinywani mwake, ya aliyeua na ya aliyefiwa, na kwa kuwa huyatamka yote kwa nafsi ya kwanza, akisema “mimi nilimpiga” asubuhi na “mimi nilipigwa” mchana, hujifunza mambo fulani juu ya hukumu ambayo si rahisi kuyapata kwa kusoma.

Likizo moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kukaa nyumbani kwangu Kisauni akiwa na kompyuta yake, akaniketisha kando yake usiku baada ya usiku akicheza gemu iitwayo Dragon Age: Origins, iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa mwaka 2009. Alipofika mahali pa kumhukumu mtu aitwaye Loghain Mac Tir, aliuacha mchezo, akanigeukia na kuniuliza, “Mjomba, wewe uliyekaa mahakamani maisha yako yote, huyu ungemuua?” Siku ile sikumjibu. Ninayoyasema leo ndiyo jibu langu kwake, naye yupo hapa ukumbini.

Kwa wazazi ambao hawajaiona gemu hiyo, yafaa niieleze kesi yenyewe. Ferelden ni nchi ya kubuni iliyovamiwa na viumbe wa giza wanaopanda kutoka chini ya ardhi, katika janga ambalo wenyeji huliita Baa. Mfalme kijana, Cailan, alikwenda kupigana nao mahali paitwapo Ostagar, akiwa mwenyewe mstari wa mbele pamoja na Walinzi wa Kijivu, ambao ni wapiganaji walioapa kuyatoa maisha yao kwa vita dhidi ya viumbe hao. Jeshi la pili lilikuwa chini ya Loghain, jemadari mkubwa wa nchi na baba wa Malkia Anora, kwa hiyo mkwe wa mfalme. Ilipangwa kwamba moto ukiwashwa juu ya Mnara wa Ishal, Loghain atoke alikojibanza awapige maadui kutoka ubavuni. Moto ukawashwa. Loghain akauona, akaliamuru jeshi lake liondoke, na mfalme akafa pale pale uwanjani pamoja na Duncan, kiongozi wa Walinzi wa Kijivu katika nchi ile.

Aliporudi Denerim, mji mkuu, Loghain alijifanya mtawala kwa niaba ya binti yake mjane, akatangaza kwamba Walinzi ndio waliomsaliti mfalme, na makabaila walipokataa kumtii akapigana nao ilhali adui wa kweli anazidi kusogea. Eamon, mtawala wa Redcliffe na mjomba wa mfalme, alitiliwa sumu kwa amri yake. Muuaji wa kukodiwa alitumwa kwa Walinzi waliosalia, yaani mchezaji mwenyewe na kijana aitwaye Alistair. Na ili apate fedha za vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe, Loghain aliwaruhusu wafanyabiashara wa watumwa kutoka nchi ya Tevinter waingie katika mtaa wa Waelfi, jamii ya kubuni inayoishi pamoja na binadamu katika gemu hii, hapo Denerim na kuwachukua watu. Mashtaka haya yote hufika mbele ya Landsmeet, baraza la makabaila wa nchi, ambako hoja hutolewa, kura hupigwa, na mwisho upanga huamua. Loghain akishindwa na mchezaji husalimu amri, na hapo gemu humkabidhi mchezaji roho yake: ama afe papo hapo mbele ya macho ya binti yake, ama anyweshwe damu ya viumbe wa giza, ambayo ndiyo njia ya kuingia katika Walinzi wa Kijivu, na akinusurika awe mwandani wa mchezaji, ale naye kambini na kupigana ubavuni mwake mpaka mwisho wa safari.

Kama angekuwa mtu wa tamaa tu, kesi hii ingekwisha kwa dakika mbili. Loghain ni mtoto wa mkulima. Alipokuwa kijana, nchi yake ilikuwa chini ya himaya ya Orlais, na mama yake aliuawa na askari wa himaya hiyo. Alipigana bega kwa bega na Maric, baba wa Cailan, mpaka wageni wakafukuzwa, na ushindi wake katika Mto Dane ulimfanya awe shujaa ambaye watoto wa Ferelden hulelewa kwa hadithi zake. Mtu huyu sasa anamwona mwana wa rafiki yake, kijana anayeota sifa za vitani, akitaka kuwaalika askari wa Orlais waje kusaidia, na moyoni mwake anauona mlango alioufunga kwa damu ukifunguliwa tena na mtoto asiyejua kilicho nje. Mnaweza kuukataa uamuzi wake, lakini hofu yake ilikuwa na sababu.

Wanaomtetea huanzia Ostagar, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mnara ulikuwa umeingiliwa na maadui, moto ukachelewa kuwashwa, na ulipowaka jeshi la mfalme lilikuwa limekwisha kuzingirwa. Wanasema kwamba Loghain angeshuka bondeni angewapoteza hata wale aliokuwa nao, na nchi ingebaki bila askari hata mmoja. Mchezaji hawezi kulipima hilo vizuri kwa sababu wakati huo yuko juu ya mnara akipigania maisha yake. Alichokiona yeye ni moto, na alichokiona Loghain ni bonde. Mahakamani nilijifunza kuwaheshimu mashahidi wanaosema “hapo sikuona.” Kwa shtaka la Ostagar peke yake, ningesita.

Lakini shtaka la Ostagar haliko peke yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wake wengi. Hulifanya bonde lile kuwa mwavuli wa kuyafunika yote yaliyofuata. Mtu aliyemtilia sumu Eamon alikuwa ameingia nyumbani kwake kwa jina la mwalimu wa mtoto, na mwalimu haingizwi katika nyumba ya mkubwa kwa ghadhabu ya saa moja. Huko kuna kupanga na kungojea. Kumtangaza msaliti mtu unayejua kwamba hakusaliti si uamuzi wa kijeshi. Na kuuza watu, nitakuja kuliangalia hilo peke yake, kwa sababu ndilo lililonifanya niyaandike haya.

Kabla ya hapo, niseme jambo moja juu ya namna gemu yenyewe inavyotupima, kwa kuwa nimewasikia vijana wakilitumia vibaya. Kila mwandani ana kipimo cha kukupenda au kukuchukia, kinachotoka hasi 100 hadi chanya 100. Ukisema la kumpendeza kinapanda. Ukimpa zawadi inayomfaa kinapanda pia. Loghain hupenda ramani. Mpe ramani za kutosha naye atakufungulia moyo, atakueleza ya utotoni mwake na ya Maric, na mchezaji hutoka katika mazungumzo hayo akiamini kwamba sasa amemjua mtu huyu na anaweza kumhukumu kwa haki. Angalieni vizuri kipimo hicho kinapima nini. Kinapima anavyotuona sisi, hakipimi alivyowatenda wengine. Mtu anaweza kufikia mapenzi ya 100 kwako na asipunguze hata tone moja la sumu aliyoitia. Nimewakalimania wake na watoto wa washtakiwa, waliomlilia mtu mpole waliyemjua wao nyumbani, na hawakusema uongo. Upole wake ulikuwa wa kweli, na jeraha la aliyelala hospitali lilikuwa la kweli pia.

Tukishaikubali hatia, bado hatujafika kwenye adhabu, na vijana wengi huvitia viwili hivi katika kapu moja. Katika mahakama zetu ni hatua mbili. Hakimu husema kwanza kwamba mshtakiwa ana hatia, kisha husikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, ndipo aamue afanywe nini. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji kunakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kulimnyima mtu nafasi ya kusikilizwa juu ya adhabu yake. Nimelikumbuka hilo kila ninapomwona mchezaji akisema, “Ana hatia, kwa hiyo afe,” kana kwamba lile “kwa hiyo” halihitaji kuhojiwa.

Maombi ya Loghain huletwa na Riordan, Mlinzi wa Kijivu mkongwe, na huyaleta bila machozi. Nchini wamebaki Walinzi watatu tu. Joka kuu linaloongoza Baa haliwezi kuuawa kabisa isipokuwa na Mlinzi, na anayelipiga pigo la mwisho hufa nalo, ila kama atakubali njia moja ya uchawi itakayotolewa na mwandani mwingine, Morrigan. Loghain ni jemadari hodari, basi anyweshwe damu ile. Ikimuua pale pale, adhabu imetimia. Isipomuua, ameingia katika maisha ambayo mwisho wake ni kifo chini ya ardhi miongoni mwa viumbe hao hao, kwa maana damu ile humla Mlinzi taratibu kwa muda wa miaka 30 hivi. Hii si huruma. Ni adhabu yenye kazi ndani yake, na mimi naiona nzito zaidi ya upanga, ambao kazi yake hukwisha mara moja.

Hapo ndipo Alistair anapokataa. Duncan alikuwa kwake badala ya baba, na Cailan alikuwa ndugu yake wa baba mmoja. Anasema kwamba kumfanya Loghain kuwa Mlinzi ni kumpa heshima aliyoipata Duncan, na kwamba yeye hatasimama safu moja na mtu huyo. Mchezaji akimwacha hai Loghain, Alistair huuacha msafara. Nimewasikia vijana wakimwita mtoto, wakisema kwamba Baa liko mlangoni naye ananuna. Jambo hilo linaniuma, nami nitalisema wazi. Kijana huyu ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyefiwa na watu wawili kwa amri ya mshtakiwa, na tunamtaka akubali hesabu yetu ya idadi ya Walinzi kabla hajamaliza matanga. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014, ambayo humpa aliyetendewa uhalifu haki ya kuieleza mahakama jinsi uhalifu huo ulivyomgusa. Haimpi haki ya kuamua adhabu. Humpa haki ya kusikilizwa, na hakimu anaweza kumsikiliza kisha akaamua vingine, lakini hawezi kumwambia kwamba amenuna. Alistair alisema yake akakataliwa, akaondoka. Sioni mtoto hapo.

Mlinganishe na Zevran. Huyu ni muuaji wa kukodiwa kutoka Antiva, yule niliyemtaja mwanzo, ambaye Loghain alimtuma aje amuue mchezaji. Anashindwa, anafungwa kamba, kisha anaomba aingie katika msafara, na wachezaji wengi humkubali kwa kicheko na siku hiyo hiyo wanakula naye. Kwa nini inakuwa rahisi hivyo, ilhali kumkubali aliyemtuma ni kazi ngumu? Kwa sababu shingo aliyokuja kuikata ilikuwa ya mchezaji mwenyewe. Deni ni langu, nami naweza kulifuta. La Loghain si deni langu, na mtu hawezi kusamehe deni analodai jirani yake. Upanga ninao mimi, kwa kuwa nimeshinda, lakini msamaha uko kwa wengine, na wengi wao hawamo ukumbini.

Sasa nije kwa wale ambao hawakualikwa. Mtaa wa Waelfi wa Denerim umezungushiwa ukuta na una lango linalofungwa. Watu wa Tevinter waliingia humo wakijifanya waganga, wakisema kuna maradhi ya kuambukiza na kwamba wamekuja kuwatenga wagonjwa na kuwatibu. Waliochukuliwa kupelekwa kwa waganga hawakurudi. Mchezaji akifuatilia huwakuta katika vizimba, na hupata hati inayoonyesha kwamba biashara ile ilikuwa na ruhusa ya Loghain. Katika nchi ya Ferelden utumwa ni haramu kwa sheria, na Loghain, aliyepigana ujanani mwake ili watu wa nchi ile wasiwe mali ya wageni, aliwauza watu wa nchi ile kwa wageni.

Sisi tulio hapa hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Mnaopita Kongowea kwenda Kisauni mnashuka Kengeleni, na mahali pale pameitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Makondakta huliita jina hilo mara mia kwa siku. Mpwa wangu alipanda matatu pale kila alipokwenda mjini likizo ile, na usiku alirudi kwenye vizimba vya Denerim.

Nalo baraza linapokutana kumhukumu Loghain, mchezaji anaweza kuitoa hati ile mbele ya makabaila, na wapo wanaoghadhibika kwa kweli. Loghain anajibu kwamba hata kama anawasikitikia Waelfi, alifanya lililohitajika kwa manufaa ya Ferelden. Kisha mjadala unaendelea. Hakuna Mwelfi wa mtaa ule anayeitwa kusema. Ushahidi wao ni karatasi iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Nilipoliona hilo nilimwomba mpwa wangu asimamishe mchezo, nikatoka kibarazani nikakaa huko kwa muda. Nimeona kesi ambazo aliyedhulumiwa hakuwa na lugha ya kusemea mpaka aletwe mkalimani, lakini hata siku hizo alikuwapo, amekaa kwenye benchi, anaonekana. Huku hakuna hata benchi.

Gemu hii humruhusu mchezaji achague asili yake kati ya sita, na moja kati ya hizo ni ya Mwelfi aliyezaliwa katika mtaa ule ule. Mpwa wangu ndiyo aliyoichagua. Kwa hiyo alipoingia ghala la wale wafanyabiashara, miongoni mwa watu waliokuwa ndani ya vizimba alimkuta baba wa mhusika wake, Cyrion. Nilimwona akiiondoa mikono yake kwenye kibodi. Wachezaji waliochagua kuwa wa ukoo wa kikabaila hupita ghala hilo hilo, huwafungua watu wale wale, na kwao ni shtaka moja kati ya mengi. Waandishi wa gemu hawakubadilisha makosa ya Loghain kwa asili moja wala nyingine. Kilichobadilika ni umbali wa anayehukumu kutoka kwenye kizimba.

Mtaniuliza, je, mateso ya mtu hayapunguzi chochote? Hapa Mombasa tunaye mtu wa kumfikiria, na mjadala juu yake haujafungwa. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto baba yake, Sultani wa Mombasa, alipouawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na hao hao, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarejeshwa kutawala chini yao. Mwezi Agosti 1631 aliingia katika ngome hii iliyo karibu nasi akamuua kapteni Mreno, na katika siku zilizofuata wakauawa Wareno wa mjini, wanaume kwa wanawake, na pia Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Mwaka uliofuata aliondoka Mombasa na kwenda kuishi kwa vita vya baharini. Wako wanaomwita mkombozi, na wako wanaowakumbuka waliouawa kuwa mashahidi wa imani. Mimi nimesimama mara nyingi chini ya kuta zile nikimfikiria mtoto aliyeuliwa baba, na huruma yangu kwake ni ya kweli kabisa. Lakini huruma hiyo hunieleza jinsi alivyofika siku ile ya Agosti. Haisemi lolote juu ya mwanamke Mwafrika aliyeuawa kwa sababu ya jina la ubatizo. Jeraha la Loghain nalo ni hivyo hivyo. Linaeleza kwa nini aliiogopa Orlais, na halielezi kwa nini Mwelfi wa Denerim ndiye alipe gharama ya hofu hiyo.

Wale wanaomwacha hai wana jambo moja ambalo wanaomuua hawalipati, nami nalithamini. Hukaa naye. Loghain wa kambini hajitetei sana, halilii kupendwa, na akipewa nafasi ya kulipiga joka pigo la mwisho huenda kufa bila kubembelezwa. Uandishi huo ni mzuri na wa kiungwana, na anayeupita kwa sababu ya hasira anakosa kitu. Ninachokataa ni ile hesabu ya kusema kwamba kifo kile kimelipa. Kimeiokoa Ferelden, ndiyo. Hakijamtoa mtu hata mmoja Tevinter.

Ninaona kwamba watengenezaji wengine wamelielewa jambo hili vizuri zaidi baadaye. Katika Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, yumo mwandani aitwaye Astarion, aliyekuwa mtumwa wa mnyonya damu kwa karne mbili, akilazimishwa kumletea bwana wake watu kwa kuwavuta kwa mapenzi. Tunamhurumia, na tuna haki. Lakini gemu ile humshusha mpaka chini ya jumba la bwana wake, mahali ambapo wale aliowaleta bado wamefungwa miongoni mwa maelfu, na mmoja wao humsogelea kwenye nondo akamwambia usoni alichomfanyia. Astarion anaulizwa na mtu mwenye haki ya kumuuliza. Chochote mchezaji atakachoamua baada ya hapo, ameamua akiwa amemsikia mwathiriwa kwa sauti yake mwenyewe, na naiona hiyo kuwa hatua kubwa ya uadilifu katika utunzi wa gemu.

Vijana, nina ombi moja kwenu. Najua kwamba wengi huhifadhi mchezo kabla ya Landsmeet, humuua Loghain, hutazama, hurudi nyuma, humwacha hai, hutazama tena, kisha huchagua mwisho uliowapendeza. Mkicheza kwa mara ya pili fanyeni mpendavyo. Lakini mara ya kwanza amueni mara moja mkae na uamuzi wenu, hata kama Alistair ameondoka na mnamkosa kambini. Hukumu inayofutika kwa kubonyeza kitufe humfundisha anayehukumu kuyatazama matokeo yake na kusahau waliotendewa.

Basi, mpwa wangu, uliniuliza kama ningemuua. Nilicheza mwenyewe baada ya wewe kurudi shule, nikachagua kuwa mtu wa ukoo wa kikabaila kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumkuta baba kizimbani, na nilimwacha hai. Nilimpa kile kikombe kama adhabu, na alipotaka kuzungumza nami kambini nilimsikiliza, ila sikumpa ramani hata moja. Alistair aliondoka, na mpaka leo nadhani alikuwa na haki ya kuondoka. Wewe ulimuua, ukiwa binti wa Cyrion, na siwezi kukuambia kwamba ulikosea. Adhabu zote mbili zinaweza kutetewa mbele ya hakimu mwenye akili. Mimi ningekukataza jambo moja tu, nalo hukulifanya: hukusema kwamba umemsamehe kwa niaba ya mtaa, wala hukusema kwamba mtaa umelipwa.

Ulifanya kitu kingine ambacho mimi, kwa asili niliyochagua, sikuweza kukifanya. Vita vilipokwisha na mtawala mpya akakuuliza unataka zawadi gani, ulipita fedha na vyeo ukaomba Waelfi wa Denerim wapewe cheo cha bann kwa mtu wao wenyewe, na cheo hicho kina kiti katika Landsmeet. Gemu inasema kwa maneno machache tu kwamba ombi lilikubaliwa, kisha majina ya watengenezaji yanaanza kupita. Wewe ulikuwa umeegemea bega langu, usingizi umekushika, ukaniuliza huyo mtu wao siku ya kwanza akikaa pale atawauliza nini makabaila. Nilikuambia kwamba kwa niliyoyasikia mahakamani, waliofikwa na jambo kama lile aghalabu hawaanzi kwa kuuliza habari za adhabu. Huuliza mtu wao yuko wapi. Atauliza majina ya waliokwisha kupelekwa Tevinter, na nani ameiweka orodha.